Mfarishi wa Mama Hauishi

Jumatatu, 3 Machi

Uzi umekatika tena. Asubuhi nzima nimeshona upana wa kiganja, na huo nao nimeufumua. Mishono inaruka — miwili ipo, wa tatu haupo — kisha uzi unakatika.

Ungekuwa mfarishi wa mteja ningemwambia arudi wiki ijayo. Huu ni wa Mama mkwe. Vipande amechagua mwenyewe: mapazia ya nyumba yao ya kwanza, sare za watoto wake, ovaroli ya marehemu baba mkwe. Ameviunganisha kwa mkono. Kilichobaki ni changu: pamba katikati, kitambaa chini, halafu naisukuma mashine ya mkono mrefu juu ya tabaka zote, safu baada ya safu.

Jumapili wifi anakuja na gari. Mama anahamia kwake. "Siondoki bila mfarishi wangu," Mama alimwambia kwenye simu. Wifi akacheka. Mama hakucheka.

Nimebadilisha sindano. Kingine sijagusa. Nikigusa vitu viwili kwa pamoja, mashine itapona na sitajua dawa ilikuwa ipi.

Jumanne, 4 Machi

Sindano siyo. Asubuhi mambo yaleyale. Nikalegeza rola za fremu, zile zinazovuta kitambaa chini ya mashine, ili nifumue kwa chini, nikasafisha kulabu ya bobini (vumbi la pamba lilijaa humo kama manyoya ya kuku), nikafunga tena. Mchana ikashona safu nzima bila kukohoa. Nikajua nimeipata: uchafu.

Mama akapita na ufagio. "Cherehani yangu ya kukanyaga haikuwahi kunikatia uzi."

"Hiyo ilikuwa inashona makochi, Mama."

"Ndiyo. Makochi hayana maringo."

Yeye na marehemu walikuwa mafundi wa makochi maisha yao yote. Mikono yake mpaka leo ni koleo. Kifuniko cha chupa kikigoma, humu ndani anaitwa yeye.

Jumatano, 5 Machi

Uchafu siyo. Asubuhi — tap. Nimerudia mshono mmoja mpaka kitambaa cha sare kimebaki na matundu. Kitambaa kikuukuu namna hiyo hakisamehe. Nikikitoboa tena kitachanika, na kingine kama hicho hakipo duniani.

Nimempigia Fundi, aliyenifungia mashine.

"Dada, umekagua mkazo wa uzi?"

"Nimekagua."

"Bobini?"

"Nimekagua."

"Basi mashine haiumwi. Inadeka." Akacheka peke yake. Kisha akasema labda ni ovaroli, nguo nzito, niweke sindano nene.

Nimeweka. Mchana imeshona vizuri. Lakini jana mchana pia ilishona vizuri, kwa sindano nyembamba. Siamini tena mchana.

Nimekaa, nimeinuka, nimekaa. Nimemjibu mtoto vibaya bila kosa. Baba watoto nimemwomba azungumze na dada yake, wasogeze siku. "Mwenye mashine ni wewe," akasema, "tusichanganye mafundi." Anapotaka kukwepa jambo huwa mcheshi.

Haraka hii yote, sijui ni ya mashine au ni ya Mama kuondoka. Tumegombania chumvi ya mchuzi tangu niolewe. Yeye pia ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua, maana mwanawe alizimia kwenye korido.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeanza kuwaza kama daktari. Asubuhi inaumwa, mchana inapona. Ni nini kinachotokea kabla ya asubuhi kuanza? Umeme? Baridi? Nimepima uzi, nimebadilisha uzi, nimehama tundu la umeme. Bado.

Nilichoona leo: kitambaa kwenye fremu kilikuwa kimekaza kama ngozi ya ngoma. Nilikipiga kwa kidole kikalia. Mimi sikifungi hivyo. Kinatakiwa kilegee kidogo, kiasi kwamba ukikisukuma kwa kidole kutoka chini, mkono wa juu uweze kukishika kidole hicho kupitia kitambaa. Kikikaza kupita hapo, sindano inapinda, mshono unaruka, uzi unakatika. Nilipokilegeza tu, mashine ikaenda.

Kwa hiyo mchana ilikuwa inapona kwa sababu kila siku nalegeza rola nikifumua. Na asubuhi?

Kuna mtu anakaza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemkuta. Amefagia chumba, ameegemeza ufagio ukutani, ameshika gurudumu la meno la rola kwa mikono yake miwili. Ka, ka, ka.

"Mama."

"Unakiacha kinalegea kama shavu langu," akasema, wala hakushtuka. "Kitambaa kikilegea ni aibu ya fundi. Nakusaidia kila siku na husemi hata asante."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku zote hizi, sindano na bobini na Fundi! Nikamwonyesha jaribio la kidole. Akaweka chake chini, mimi nikakishika kwa juu, kupitia ovaroli ya mumewe. Akatulia kidogo hivyo, kidole mkononi mwangu.

"Kumbe," akasema. "Basi makochi yameniharibu. Sikazi tena."

Alielewa. Namjua akielewa.

Jioni wifi alipiga, simu ikawekwa sauti ya juu. Chumba kiko tayari, ghorofa ya nne, kuna televisheni, Mama hatakuwa na haja ya kushuka ngazi wala kushika ufagio. Kupumzika tu. Mama akasema, "Haya." Akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jumamosi, 8 Machi

Mashine imeimba tangu asubuhi. Hakuna mshono ulioruka. Imebaki safu moja, ya pembeni, kisha kukunja ukingo. Nikiamua, unaisha leo.

Mchana Mama alikuja akasimama mlangoni. "Unaisha?"

"Unaisha, Mama."

"Vizuri," akasema. Hakuingia kuuangalia.

Nimekuja sebuleni kunywa chai, na kuandika haya mwanga ukiwepo. Baba watoto anakata kucha. Na kutoka chumba cha mashine, taratibu, kama mtu asiyetaka kusikika: ka. Kimya. Ka. Ka.

Baba watoto ameacha kukata kucha. Ananitazama. Nami namtazama. Hakuna mcheshi hapa.

Jana alielewa. Kidole chake kilikuwa mkononi mwangu.

Ka.

Simu inaita juu ya meza. Ni wifi, bila shaka anauliza aje saa ngapi. Baba watoto ameisogeza upande wangu.

Chumbani kumekuwa kimya. Mama ameacha kukaza. Anasikiliza nitajibu nini.