Likizo ya Theluji ya Meja Sebit

Jumatatu, 22 Novemba 1976
Meja Sebit, mkubwa wetu ofisini, amekuta gazeti la Kizungu katika nyumba aliyogawiwa baada ya Wahindi kufukuzwa. Ndani yake watu wanateremka mlima wa theluji juu ya mbao, wanacheka. Sasa anataka maafisa wake wafanye hivyo hivyo Krismasi hii, kwenye milima ya Ruwenzori. "Theluji si iko yetu? Kwa nini inakaa bure?" Mimi karani, kwa hiyo mimi ndiye mpangaji. Ndiyo, afande! Theluji yenyewe iko juu ya majabali, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, matope matupu. Nani amwambie? Simo.

Nilitaka kumuuliza habari za kaka yangu Muhamadi. Wiki tatu tangu askari wampakie kwenye buti ya gari pale Nakivubo, mchana kweupe. Nikamuuliza maafisa watakuwa wangapi. Mama huniuliza kila jioni: umeuliza?

Jumatano, 24 Novemba
Kwa fundi Odoch, na ukurasa wa gazeti mkononi. Siku hizi anatengeneza majeneza tu, mbao nyingine hana. "Dada, hii kazi ni kadogo. Njoo jioni." Jioni nakuta ubao mmoja! Mzungu wa gazetini kapigwa picha kwa ubavu, ubao unaonekana mmoja. Na mguu mwingine? Odoch akasema labda huyo mzungu kiwete. Nilicheka mpaka nikaona haya. Kucheka, na Muhamadi hayupo.

Jumamosi, 27 Novemba
Mbao sasa mbili. Mazoezi kilimani, juu ya Kansanga. Badala ya theluji — sabuni! Katoni nne, zimepondwa na kumwagiwa maji kwenye nyasi. Na sisi mwezi mzima tunafulia majani ya mpapai! Wanawake walijipanga na mabeseni, wanakinga povu. Nami nilichovya leso yangu.

Hakuna afisa aliyetaka kuanza. Mkubwa ataangukaje mbele ya askari wake? Meja akafoka: "Nani anajua hii kitu?" Maafisa wakatazama viatu vyao. Ndipo nikasikia sauti yangu mwenyewe. Nikasema kaka yangu anajua, afande, aliendesha gari la wazungu wapanda milima, wakamfundisha. Yuko wapi? Nikasema mnaye nyinyi, afande.

Uongo mtupu! Muhamadi hata baiskeli humwangusha. Nimerudi nyumbani, nikakamua leso ndani ya beseni.

Alhamisi, 2 Desemba
Wamemleta. Yu hai! Yu hai! Amekonda, meno mawili ya mbele hayapo. Niliruhusiwa kumfunga mbao miguuni kwa mikanda ya askari. Nikamnong'oneza: chini kuna kinamasi cha mafunjo, ukifika usisimame. Akauliza, hii nini, Habibah? Nikamwambia likizo.

Wakamsukuma. Alipita maafisa, akapita wanawake na mabeseni yao, akavuka barabara — kinyumenyume! — akatumbukia kwenye mafunjo. Makofi! Meja machozi ya furaha yalimtoka. Baada ya robo saa akaniuliza, anarudi lini? Nikasema kule Ulaya mtu hupumzika kwanza huko chini, afande. Akakubali. Tukangoja saa nzima. Askari walioshuka kumtafuta walirudi na mbao mbili na mikanda. Basi.

Ijumaa, 3 Desemba
Hajaonekana. Alhamdulillahi.

Meja hajakasirika, na hilo ndilo linalonitia hofu. Anasema mwalimu amechelewa, basi dada yake atafundisha. "Wazungu alifundisha yeye. Yeye si alifundisha wewe?" Kesho saa mbili asubuhi, kilima kilekile. Mbao zimeletwa nyumbani. Askari wawili wako barazani, eti nisichelewe. Mama amewapa chai isiyo na sukari.

Nimemwambia Mama alfajiri apande basi aende Bombo kwa shangazi, kuna mazishi. Ya nani? Nikasema akifika atajua. Amenitazama sana. Kisha akaanza kufunga nguo zake.

Askari mmoja amebisha hodi. Meja anauliza kama nahitaji kitu. Nimeomba katoni mbili zaidi za sabuni, nami nivuke barabara.

Nimezijaribu mbao chumbani, mlango nimeufunga. Mikanda ya Muhamadi inanipwaya. Nimesokota leso, nikaijaza kati ya mikanda na miguu. Sasa mbao hazitoki.