Lengo la Tatu

Jumatatu, 3 Februari
Pacha wangu kapata mpango wake wa masomo. Kurasa sita, jina lake juu. Mwalimu wa elimu maalumu kauleta mwenyewe nyumbani, akamweleza Mama: macho ya Pacha hayaoni mbali wala maandishi madogo, kwa hiyo atapewa vitabu vya maandishi makubwa, muda wa ziada kwenye mitihani, na kila siku saa nzima na mwalimu, wawili tu. Mama katoa vikombe vya wageni. Mimi nikatumwa sukari.
Tumezaliwa siku moja, kanitangulia robo saa. Mimi mpango wangu uko wapi?

Jumanne, 4 Februari
Nimeuchukua kwenye begi lake nikausoma. Lengo la tatu: ahamishwe dawati, apunguze kumtegemea ndugu yake.
Ndugu yake — mimi! Tangu darasa la kwanza namsomea ubao kwa kunong'ona. Nimesimamishwa mbele ya darasa mara ngapi kwa kosa la kupiga kelele? Leo nimekuwa tatizo, tena lenye namba.

Jumatano, 5 Februari
Kahamia dawati la mbele. Hakugeuka hata mara moja.

Alhamisi, 6 Februari
Nimepita mara mbili dirishani kwa chumba anachosomea na mwalimu wake. Wanacheka. Pacha kashika lenzi, anasoma kwa sauti, polepole — bila mimi. Jioni nikamuuliza walikuwa wanacheka nini. Kasema, ah, mambo yetu tu.
Mambo yetu. Yetu ilikuwa mimi na yeye.

Ijumaa, 7 Februari
Nimefanya jambo baya. Mwalimu mkuu kaniita. Vitabu vikubwa ni vichache, shule nyingine inavitaka. Akauliza Pacha anasomaje nyumbani, maana mimi ndiye namjua kuliko wote. Nikasema anasoma vizuri tu. Hata gazeti la Baba. Akitaka kudekezwa ndiyo anajifanya haoni.
Akaandika. Neno kwa neno.

Jumamosi, 8 Februari
Pacha kanisuka nywele. Kwa vidole, haangalii.

Jumatatu, 10 Februari
Naandika chooni, shuleni. Kikao kinaendelea: mwalimu mkuu, mwalimu wa Pacha, Mama, Pacha. Na mimi nilikuwemo mpaka sasa hivi. Mwalimu mkuu kasema ana taarifa kutoka nyumbani kwamba mtoto anasoma maandishi ya kawaida. Hakumtaja aliyesema. Mama kashangaa, maana mambo ya madaftari aliniachia mimi. Pacha kawekewa kitabu cha kawaida asome mstari mmoja. Kainama mpaka pua ikagusa karatasi, kaufuata mstari kwa kidole, hauoni. Mwalimu mkuu akasema, "Usijifanye, mwanangu."
Pacha hakulia. Kasema, "Muulizeni mdogo wangu. Yeye hawezi kuwadanganya."
Wote wakanigeukia. Mwalimu mkuu hakuniangalia usoni, alikuwa anafunua daftari lake. Nikaomba ruhusa, nikatoka.
Sasa kuna mtu anagonga mlango. Ni yeye — kaja peke yake, kwa kupapasa ukuta. Ananiuliza kama naumwa.
Nimemwambia subiri kidogo.
Kasema sawa, nakusubiri, turudi kikaoni wote.