Talaka ya Kiwengwa

Mkunazini, Unguja
4 Agosti 2023

Mwanangu Radhiya,

Pokea salamu zako, za mumeo Ghanim na za mjukuu wangu Yusra. Vipi hali zenu na joto la Maskati? Sisi miili mizima, Alhamdulillahi. Goti langu ni lile lile, na sukari ya babaako inapanda inashuka.

Usishangae barua. Nimempa Bi Fathiya, anakuja huko Maskati, akutie mkononi. Kwenye simu babaako hukaa ubavuni kwangu, na simu tumeifungulia sauti yote kwa vile hasikii, basi siri iko wapi? Mwandiko uuvumilie. Mimi skuli siijui hata mlango wake. Herufi hizi kanifundisha babaako barazani, na leo nazitumia kumshitaki.

Ile hoteli ya Kiwengwa uliyotulipia siku mbili, ahsante, Mungu akuzidishie. Lakini usitupeleke tena. Walitufunga kikuku cha plastiki mkononi kama watoto waliozaliwa hospitali. Mlango wa kioo babaako aliupiga kwa paji la uso, kisha akauomba radhi. Kitanda kipana mpaka akaniita, "Mwanapili, uko wapi?" Nikamwambia, "Niko Unguja, wewe uko Pemba." Tulicheka, mwanangu. Siku ya kwanza tulicheka sana.

Siku ya pili, chai ya asubuhi. Mkate wao mgumu, unamuumiza fizi. Nikamwambia, "Vua hayo meno, yafunge kwenye karatasi, hapa nani anakujua?" Akavua, akafunga, akaweka pembeni ya sahani. Sisi tunatazama bahari, mhudumu akapita akazoa sahani na karatasi na meno yote.

Babaako alipogundua akakimbia mpaka jikoni. Mtu wa miaka sabini na moja, mstaafu wa serikali, kainama kwenye pipa la makombo, mayai yamemfika kwenye viwiko, wazungu wamesimama na simu zao. Na mimi nikacheka. Sikufichi. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Akanijia. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akasema, "Unanicheka mbele ya watu? Basi nimekuacha, Mwanapili. Nimekupa talaka."

Palepale yule mhudumu akatokea anakimbia, kashika sinia, kafurahi: "Mzee! Meno yako haya hapa!"

Tukapanda gari la kurudi mjini. Tulipofika Mahonda akanigusa bega, "Nimekurejea, basi, usinune." Nikasogea dirishani. Tangu siku hiyo nalala chumba cha juu, na nikipita mbele yake najitanda. Yeye anadhani nimenuna. Mwache adhani.

Mamaako

*

Maskati
19 Agosti 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Barua nimeipata, na Bi Fathiya kaniletea na pilipili za kusaga zako. Sisi hatujambo. Yusra anakusalimu, anasema bibi usimtilie mchanga babu kitumbua chake. Wanakuja kumposa mwezi ujao, inshallah.

Mama, nilicheka mpaka Ghanim akaja kuuliza kuna nini. Nilipofika kwenye talaka nikarudia kusoma. Lakini na wewe, mbona unalifanya kubwa? Mimi nakumbuka ile ya mwaka tisini na nne. Nilikuwa na miaka tisa, tulikaa kwa bibi Mpendae mwezi mzima, mpaka wazee wakaja na Baba kukurejesha. Hiyo moja. Hii ya meno ni ya pili. Baba kakurejea siku ile ile, dini imempa nafasi hiyo. Na hata hii sijui kama inahesabika, mtu mwenyewe hana jino kinywani!

Shuka, Mama. Kwa umri wenu mtalala mbalimbali kwa ajili ya kicheko? Anaponipigia simu sauti yake imekuwa ndogo. Anasema, "Mamaako kanifanya mgeni." Mwonee huruma.

Mwanao akupendaye,
Radhiya

*

Mkunazini
10 Septemba 2023

Radhiya mwanangu,

Marahaba. Tuko kama ulivyotuacha, hakuna mgonjwa mpya. Mwambie Yusra kitumbua cha babu yake nimekipika kwa mikono yangu miaka arobaini na tano, siwezi kukitilia mchanga nisile na mimi.

Na wewe usiniambie hakuwa na meno. Talaka haitafunwi.

Hesabu yako imekosea, na si kosa lako. Kaa chini usome, kisha usimsomee mtu, hata Ghanim.

Mwaka sabini na tisa hujazaliwa. Ndoa yetu haijafika mwaka. Babaako yuko kazini Kizimbani, kwenye shamba la mikarafuu la serikali, tumepewa chumba na jiko. Nikaja mjini harusini bila kumuaga. Niliporudi nikamkuta jikoni, kasimama, njaa na hasira pamoja. Akaniacha. Talaka moja, kwa mdomo wake, nimesimama na ndoo mkononi. Siku mbili sikula. Ya tatu nimekwenda kisimani, akanifuata analia, "Nimekurejea, Mwanapili, usimwambie mamaako." Tukaahidiana tusimwambie mtu. Na hatukumwambia mtu.

Sasa hesabu wewe uliyesoma. Kizimbani moja. Ya tisini na nne, mbili. Kiwengwa, tatu. Baada ya tatu hakuna kunirejea, si Mahonda wala Makka. Mpaka niolewe na mwanamme mwengine kwanza, nikae naye kweli, aniache. Mimi, na goti hili!

Babaako anasema mbili. Sijui kasahau au vipi. Nikimwambia, nimemkosa. Nikinyamaza, nalala na mtu asiye mume wangu, na mimi ndiye ninayejua. Usidhani uzee unapunguza kitu. Nampenda yule mzee. Samaki akiwa mezani, huninyofolea nyama ya shavu, yeye akala mkia. Kila siku, Radhiya. Hata siku tuliyogombana.

Niambie nifanye nini.

Mamaako

*

Maskati
28 Septemba 2023

Mama,

Shikamoo. Natumai goti limepungua. Sisi wazima.

Umeniuliza, nakujibu. Usimwambie. Nakuomba, nakupigia magoti, usimwambie.

Jambo la kabla sijazaliwa, wawili nyinyi peke yenu, hakuna aliyesikia. Umeishi nalo miaka yote hiyo, leo ndiyo limekuwa zito? Mkiachana nani atampima sukari? Nani atampandisha ngazi? Shangazi Hamda mwenyewe anahitaji wa kumpandisha. Mimi siwezi kuja, nyumba hii si yangu peke yangu. Na wachumba wa Yusra watasikia nini, bibi na babu yake wameachana kwa ajili ya meno?

Baba kasahau, Mama. Mungu kamsahaulisha. Basi na wewe sahau.

Mwanao,
Radhiya

*

Mkunazini
21 Januari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Posa ya Yusra nimeisikia, Mungu aitie heri. Najua umekasirika kwa kimya changu. Nami nilikuwa nimekukasirikia. Kusahau si kama kutoa takataka, kwamba unaamua asubuhi unakwenda kuzimwaga.

Nilimwambia Jumapili moja, baada ya chai. Nilimtajia Kizimbani, jiko, ndoo, kisima. Akaweka kikombe, akasema, "Haikuwa."

"Haroub."

"Haikuwa! Umetafuta mwaka usiokuwa na shahidi. Kama umenichoka sema umenichoka."

Akanipeleka kwa kadhi. Yeye ndiye aliyenipeleka. Kadhi mwenyewe kijana, ana adabu, kaniita mama. Akaniuliza, "Una shahidi?" Nikamwambia, "Shahidi mimi, na huyu hapa." Babaako akaweka mkono juu ya Msahafu, akaapa kwamba hakuniacha ila mara mbili. Ikaandikwa karatasi kwamba mimi ni mkewe. Babaako katangulia nje, kadhi akaniambia polepole, "Mama, mimi nimehukumu kwa niliyoyasikia. Unalolijua wewe, utaulizwa wewe."

Tukarudi. Babaako akakaa kwenye kidato cha tatu cha ngazi, pumzi zimemwisha. Hakunitazama. Akasema, "Ulivaa kanga ya zambarau. Ndoo ilikuwa inavuja."

Ndoo ya Kizimbani, mwanangu.

Nikamuuliza, "Na Msahafu, Haroub?"

Akasema, "Ningesema nini? Ningekwenda wapi mimi?"

Hakusahau. Hakusahau hata siku moja. Kaapa kwa sababu yangu, na mimi nifanye nini na kiapo kama hicho? Nikilala naye ndiyo nimekubali kwamba alilosema ni kweli, na dhambi yake naitandikia shuka.

Basi yeye yuko chini, kwenye kile chumba kilichokuwa duka, kina mlango wake wa nje na choo chake. Mimi juu, na mlango wa ngazi wa kuingilia kwake nimeufunga. Chakula namshushia dirishani kwa kikapu na kamba, kama tunavyowashushia wauza mboga. Anakula barazani. Ananipigia kelele, "Leo chumvi haipo!" Namjibu, "Bahari ile pale!" Watu wa mtaani wanacheka, wanasema wazee wanacheza. Akimaliza namwita, "Haroub, umekula?" Ananiitika, "Naam." Navuta kamba. Sukari anapimwa zahanati kila Jumatatu. Usiseme nimemtupa.

Mamaako

*

Maskati
16 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Nimerudi salama. Nilikaa kwako siku tano na sikupata hata dakika moja ya kuwa na wewe peke yako, nyumba imejaa wanawake, mara hitma ya Baba, mara uji. Swali lilinikaa kooni mpaka kwenye ndege.

Ulimtenga Baba miezi minane. Ulimlisha kwa kamba kama mfungwa. Alikufa barazani kama mtu asiye na mke. Kisha nafika, nakukuta umekaa eda, umejitanda, watu wanakupa mkono wa rambirambi, unapokea.

Kama ulikuwa mkewe, kwa nini amekufa peke yake? Na kama hukuwa mkewe, hiyo eda ya nini?

Sitakuuliza tena. Lakini hili nijibu.

Radhiya

*

Mkunazini
28 Mei 2024

Radhiya,

Shikamoo yako sikuikataa, nimeiitika. Nalala, naamka, nakula kidogo. Hukuuliza, lakini mimi ni mamaako, nakueleza.

Hukuwepo, kwa hiyo nakupa ilivyokuwa. Wiki moja baada ya Idi, saa saba mchana, nimemshushia wali na changu wa kuchoma. Kichwa cha samaki nilimtilia yeye, kwa sababu huku juu hakuna wa kuninyofolea shavu. Nikangoja. Nikaita, "Haroub, umekula?" Nikavuta kamba, kikapu kizito. Nikaita tena. Nikashuka, mimi na goti langu, nikafungua ule mlango wa ngazi kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya kadhi.

Kaegemea ukuta, macho yameelekea njiani. Mkono wake ulikuwa karibu na wangu hivi. Sikuushika. Miaka arobaini na tano nimeushika mkono ule, na siku hiyo sina ruhusa nao. Wakaja wanaume wa mtaani wakambeba, mimi nimesimama pembeni kama mtu aliyekuwa anapita. Unasema amekufa peke yake. Kweli. Na mimi nilikuwepo.

Ndipo akaja shangazi yako Hamda na nguo ya eda mkononi. Akaniambia mbele ya watu wote, "Ingia eda, wifi yangu." Wote wakanitazama. Ningesema nini? Ningesema si mume wangu, wangeuliza, mbona kadhi kaandika ni mumeo? Na babaako hajatiwa hata kaburini, mji mzima ungekuwa unasema Haroub aliapa uongo juu ya Msahafu. Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na tano hakuiba hata punje ya karafuu. Watu wangemswalia huku wananong'ona.

Nikanyoosha mikono, Hamda akanivisha.

Alipokuwa hai sikuukubali uongo wake hata kwa kumpoteza. Sasa amekufa, naukalia mkekani mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Ukitaka kunicheka, cheka. Mimi nilishacheka mara moja Kiwengwa, najua bei yake.

Sheria ya mirathi watakapokuja nayo, sehemu ya mke usiniandikie. Wewe sema mamaangu kasamehe, basi, usieleze sababu. Watu watanisifu kwa ukarimu. Waache wanisifu.

Barua zote hizi zichome, na hii. Posa ya Yusra ikiwa ndoa, sema bibi yuko eda, hawezi kusafiri. Hapo utakuwa hujasema uongo mkubwa.

Na siku ya kunitoa eda usifunge safari. Hamda atanitoa. Yeye anaamini.

Mamaako