Kipusa na Vipusa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua inasaidia kweli, au ni harufu tu? Mimi sijambo mwilini, na mafundi wote wanakusalimia.

Umeniuliza kesi imeishia wapi, nami kila mara nakupiga chenga kwenye simu. Leo nakuandikia yote, maana kwenye simu ungenikatiza, ukalia, na mimi ningelia.

Jina la nguo zetu nililitoa kinywani mwako. Ndivyo ulivyoniita nikiwa mdogo, nikijifunga mashuka na kuringa mbele ya kioo: Kipusa. Sikujua kwamba ipo kampuni kubwa iliyokwisha kusajili jina Vipusa. Barua ya wakili wao ilipokuja kututaka tuache jina letu, mkataji wetu aliweka mkasi chini, na hakuna aliyeshona wala kukata siku ile. Wakili wetu yeye alicheka. Alisema hata mtoto anayeanza kusema anajua kuwa mmoja si wengi, na akanifunza niseme kwamba hakuna mteja anayeweza kuchanganya.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni mbovu. Magauni mawili, lao na letu, yalitundikwa mbele ya hakimu kama watuhumiwa. Mwenye Vipusa, mama wa makamo mwenye miwani, hakunitazama hata mara moja. Wakili wangu alisema vizuri mpaka nikaanza kuona tumeshinda. Ndipo hakimu akanigeukia mimi mwenyewe, akaniuliza kwa upole kama namfahamu mtu yeyote aliyewahi kununua nguo ya wale akidhani ni yangu.

Wakili akakohoa. Niliwaona mafundi wetu wamekaa nyuma, mmoja ana mimba kubwa, wote wamenikodolea macho. Nikasema ndiyo, namfahamu.

Mama, mtu huyo ni wewe.

Lile gauni la kijani ulilovaa kwenye kikao cha kina mama, ukanitumia picha, ukasema umelinunua kwa pesa yako kwa sababu hutaki kuvaa bure jasho la mwanao. Shangazi alikuwa amegeuza kola ili lebo ionekane. Nikaikuza picha. Ni Vipusa. Nilikwambia limekupendeza, kisha nikafunga mlango wa ofisi nikakaa sakafuni. Wakili peke yake ndiye niliyemwonyesha, akaniambia niifute.

Tumeshindwa. Jina lazima tuliache, na sasa tunafumua lebo zote, vidole vinawaka moto. Kazi bado ipo, lakini mkataji hajanisemesha tangu siku ile, na simlaumu. Pale nje kwenye korido, mwenye Vipusa alinisogelea akavua miwani, akaniambia kwamba yeye, angekuwa mahali pangu, angenyamaza.

Nakuomba usilie, na usiache kulivaa gauni lile kwa ajili yangu. Nimelitazama tena na tena kwenye picha. Kola imelala, mabega yamekaa barabara. Limeshonwa vizuri, Mama. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kesi.

Nisalimie Shangazi, na tafadhali usimgombeze. Uyatunze magoti yako.

Ni mimi,
bintiyo akupendaye