Ndevu Chini ya Maski

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaua mtu, maana usingizi siku hizi nausikia kwa majirani tu.

Mimi ni mwokoaji wa mgodini, mwaka wa kumi na nne huu, chini kukijaa moshi wenzangu wanapanda na sisi watano tunashuka, mitungi ya oksijeni mgongoni na maski usoni, na sheria yetu ya kwanza ni kwamba mwenye ndevu hashuki, kwa sababu penye nywele maski haishiki na oksijeni inavuja, hilo nimewafundisha wengine kwa mdomo wangu huu huu. Sasa mwenye ndevu ni mimi. Aliyekuwa ananinyoa ni mke wangu, kila Jumamosi asubuhi, mimi kwenye kigoda uani, yeye na beseni lake, ananishika kidevu ananiambia, "Tulia baba, au unataka kwenda kazini na sikio moja?" Amefariki, miezi saba sasa, na tangu hapo hakuna mkono uliogusa uso wangu, nikishika wembe vidole vinagoma, nazipunguza kwa mkasi tu, na kapteni wa timu yetu ananionea huruma ya msiba hanisemi. Wanangu wako mbali, wakipiga simu nawaambia sijambo, nakata, nakaa.

Basi nikagundua kwamba nikipaka mafuta ya mgando kwenye ndevu maski inashika, nikipimwa napita. Lakini wiki iliyopita kwenye mazoezi ya moshi jasho lilinitoka, mafuta yakateleza, maski ikavuja, geji ya mtungi wangu ikashuka mbio, na kwetu mmoja akipungukiwa wote wanarudi, tukaiacha ndani ile sanamu tuliyotakiwa kuiokoa. Kapteni akauliza kulikoni, nikanyamaza. Lawama ikamwangukia fundi wetu wa vifaa, tunamwita Kimya, eti hakukaza valvu. Yeye ndiye aliyeosha maski yangu, mafuta aliyaona, akanitazama usoni, asiseme neno. Ijumaa anaitwa kwa mkubwa, anaweza kufukuzwa. Nikisema ukweli nitatolewa kwenye timu, na nikitolewa huko sina tena hata mtu wa kuniambia chai yako imepoa. Nifanye nini?

Mgane wa Mgodini

Ndugu yangu, pole. Pole kwa mkeo, na pole kwa miezi saba ya kula peke yako. Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine zote kwa sababu Ijumaa haiko mbali.

Sasa nikugombeze. Mafuta, baba? Mafuta na oksijeni? Nimempigia simu mkufunzi mmoja wa uokoaji, akasema, "Huyo ana bahati. Oksijeni ya mtungi ikikutana na mafuta inaweza kulipuka moto hapo hapo usoni." Na wewe ni mwalimu wa watu! Ile sanamu ingekuwa mtu, leo ungekuwa unaniandikia nini? Wenzako wanne wanapanga safari yao kwa geji yako. Ukidanganya kwenye kipimo, umewadanganya wote, pamoja na yule aliyelala chini anawasubiri.

Mkeo hakukunyoa upendeze, alikunyoa urudi. Ndevu hizo angekuwepo asingezivumilia hata Jumamosi moja. Vidole vikigoma, nenda kwa kinyozi, leo. Ukilia kwenye kiti chake, lia, vinyozi wameona mengi.

Ukitoka hapo nenda moja kwa moja kwa kapteni, umwambie yote, ndevu na mafuta. Maski ile na kifaa chake visivaliwe na mtu mpaka visafishwe na kupimwa upya. Watakutoa kwenye timu kwa muda, ni haki yao, usibishane. Na wanao wakipiga simu, ukome kusema hujambo. Sema hali ya baba yenu ni mbaya, njooni.

Kimya amekusitiri, na malipo yake ni kuitwa kwa mkubwa. Usingoje aitwe ndipo useme. Wakimwita hata hivyo, ingia naye, uketi kiti cha pembeni yake. Kukaa peke yako unakujua kulivyo, usimwachie yeye.