Gurudumu Lenye Uso wa Mwanamke

3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kifua kimetulia. Mimi mzima, kazi za ofisini zinakwenda. Ningekupigia, ila simu yako siku zote umeizima.

Mama anasema mvuke wa dawa katika chumba cha kufulia mashuka ya hospitali umemletea vidonda usoni. Meneja wa kampuni yake anasema ni chunusi. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, chunusi. Baraza la malalamiko ya wafanyakazi litamsikiliza tarehe 20 Aprili na linataka picha za uso wake za kila wiki. Akishinda, anahamishiwa chumba cha pasi na kutibiwa. Akishindwa, anarudi kwenye dawa ile ile.

Simu yake ni ya vitufe, kwa hiyo nimekutumia wewe kamera ndogo ya dijitali umpige. Tafadhali usizungushe chochote. Gurudumu la juu liache kwenye AUTO, lile neno la kijani, kisha ubonyeze. Basi.

Mpwa wako

11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Kifua kinakoroma kama kawaida yake. Mama yako ana vidonda kumi na kimoja, nimevihesabu: saba mashavuni, vinne kidevuni. Anakusalimu.

Kijidude chako kimefika. Kina ukubwa wa kipande cha sabuni. Mimi nimelipigia gazeti picha kwa miaka thelathini na minne, nimepiga mawaziri na maiti, na leo mtoto niliyembeba mgongoni ananiambia nibonyeze basi. Hata nyani hubonyeza.

Hilo gurudumu nimelitazama. Lina michoro ya chekechea: mlima, ua, mtu anayekimbia, mwezi, uso wa mwanamke. Nimetafuta pa kupanga kasi na mwanga mwenyewe, hakuna. Ni kamera ya mtu asiyejua kwamba anatazama mlima mpaka achorewe. Kitabu cha maelekezo kina kurasa mia moja na ishirini. Mwenye kuhitaji kurasa zote hizo ili apige picha moja, afadhali afuge kuku.

AUTO ni ya wavivu. Ninayempiga ni mwanamke, na ninapiga uso, kwa hiyo nimeweka kwenye uso wa mwanamke. Hata huyo meneja angeelewa. Skrini yake ni kama stempu, sioni cha maana humo, lakini mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri na mkono wangu hautikisiki.

Mjomba wako

27 Machi

Mjomba,

Shikamoo, habari za huko? Mimi sijambo. Nimefurahi unampiga kila wiki. Ila rudisha gurudumu kwenye AUTO, nakuomba, na unitumie kadi ya kamera nizione picha kabla hazijaenda barazani.

Mpwa wako

5 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sote wazima. Mama yako amepewa likizo mpaka shauri liishe, na vidonda vimeanza kukauka.

Kadi nimeipeleka kwa karani wa baraza kwa mkono wangu. Nilipokuwa gazetini nilikuwa na wahariri watatu, na hakuna hata mmoja aliyeniongezea kitu. Wa nne simhitaji.

Kikaoni sitakwenda. Vikao nimevipiga picha vya kutosha, watu husinzia tu.

Mjomba wako

24 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili.

Nilikuja kikaoni kwa basi la asubuhi nikarudi kwa la jioni. Kwako sikupita, na sikusahau njia.

Picha zako zilionyeshwa ukutani, kubwa kama mlango. Mama yangu ana uso wa tangazo la mafuta ya kujipaka. Kidonda hata kimoja hakuna. Wakili wa kampuni alisema, "Mlalamikaji ana ngozi nzuri kuliko ya mke wangu," watu wakacheka. Mama alikuwa ameketi pale pale na mabaka yake. Wakili akasema hayo ni ya jua.

Ukurasa wa arobaini na saba wa kitabu cha maelekezo, Mjomba. Alama ya uso wa mwanamke hulainisha ngozi na kufuta madoa. Ndiyo kazi yake. Kuna watu wanainunua kamera hiyo kwa ajili ya alama hiyo tu.

Kumpiga tena hakusaidii, vidonda vimekauka. Baraza limetupa mpaka tarehe 15 Mei tueleze. Njoo useme kwa mdomo wako kwamba kamera hukuijua.

Mpwa wako

29 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Tu wazima.

Unataka nisimame mbele ya watu niseme sijui kupiga picha. Benchi la nyuma la baraza lile hukaa waandishi. Wawili kati yao niliwafundisha mimi kamera hushikwa wapi. Sitakwenda kuwachekesha.

Mwambieni huyo wakili kamera ni mbovu. Na mbovu kweli. Kamera inayodanganya ni mbovu.

Mjomba wako

6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Habari za kifua siulizi.

Kamera si mbovu, ilifanya ulichoiambia. Jana Mama alirudishwa chumba cha dawa. Barua ya meneja inasema likizo imekwisha kwa kuwa picha hazionyeshi ugonjwa. Anafanya kazi amejifunga kitambaa puani. Yeye hasemi neno juu yako, kwa hiyo nasema mimi.

Meneja anamdharau Mama kwa kuwa ni dobi. Wewe unaidharau kamera kwa kuwa ni ndogo. Anayeungua ni yule yule mmoja. Sikuombi tena.

Mpwa wako

16 Mei

Mpwa wangu,

Hujambo. Nimekwenda.

Wakili aliniuliza, "Mzee, wewe ni mpiga picha au si mpiga picha?" Nikamjibu kwamba nilikuwa, ila kamera hii sikuijua, na kitabu chake sikukifungua kwa sababu nilikiona cha watoto. Nikasema pia kwamba mpwa wangu alinionya mara mbili, sikusikia. Benchi la nyuma walicheka. Mmoja wa wale wawili aliandika, na ameandika sawasawa, nimesoma leo asubuhi.

Wakili akasema hayo ni maneno tu. Nikaomba ruhusa ya kumpiga mwenyekiti wa baraza kwa kamera ile ile.

Mwenyekiti ana uso uliochimbika kama barabara ya malori. Nilimpiga kwa AUTO, kisha kwa alama ya mwanamke, hapo hapo kitini, hajasogea. Karani akaziweka ukutani pamoja. Kushoto alikuwa mwenyekiti. Kulia alikuwa bwana harusi. Hakuna aliyecheka. Wakili aliomba mapumziko.

Mama yako anaanza chumba cha pasi Jumatatu. Daktari wa baraza atampima, na kampuni itagharamia matibabu. Picha zangu zimetupwa nje ya jalada, zote nne. Ndizo picha zangu za kwanza kutupwa.

Tulipokuwa tunatoka, mwenyekiti alinivuta pembeni ya korido, akatazama kulia na kushoto, akauliza kama anaweza kupata nakala. Nikamuuliza ya picha ipi. Akasema ya pili.

Mjomba wako