Bendera za Ukingo wa Nyagasenyi

Kabuga, 3 Juni 1986

Baba yangu,

Asalaam aleikum. Natumai dereva wa basi anayekuletea barua hii atakukuta mzima na kikohozi kimekuachia. Mimi sijambo, isipokuwa miguu, maana kazi yangu ni kuutembea ukingo wa mto asubuhi na jioni.

Kama unavyojua, mto Nyagasenyi umepewa hifadhi ya majaribio ya mwaka mmoja, na mimi ndiye msimamizi wake. Agosti baraza la komini, serikali yetu ya hapa, litaamua iendelee, au wafyatua matofali warudi kuchimba udongo wa ukingoni. Sasa Jumapili ya tarehe 29 mbio za magari kutoka Kigali zitapita barabara ya juu. Nilikwenda kwa burugumesta, mkuu wa komini, kupinga. Akaniambia, "Binti, magari iko inapita juu, mto yako iko chini, unalia nini?" Nikamweleza kuhusu ile kona ambapo barabara inakaribia ukingo, na jozi saba za misambi, wale korongo wenye taji, wanaolalia mayai kwenye mafunjo. Mwishoni tulikubaliana niweke bendera za kuwazuia madereva. Nimetia sahihi kwamba gari likiingia bondeni, lawama ni yangu.

Nishonee bendera ndogo themanini, nyekundu. Fundi mwingine simwamini.

Binti yako,
Mwamini


Rwezamenyo, 21 Juni 1986

Mwanangu Mwamini,

Waaleikum salaam. Kikohozi bado kipo, kimeshazoea nyumba. Mama yako mdogo anakusalimu, anauliza kama umeamua kuolewa na huo mto.

Nimechelewa kwa sababu hao hao watu wa magari waliniletea kazi: bendera mia mbili za kuwaonyesha madereva njia, pamoja na gora zima la kitambaa. Usininunie, cherehani haiwezi kukaa bure. Zako hizi hapa, themanini kamili, nimezipiga pindo mara mbili upepo usizichane. Nyekundu sikupata. Hizi ni za rangi ya chungwa, zinaonekana kutoka mbali. Ni zawadi yangu kwako na kwa ndege wako.

Baba yako,
Fundi Mutabazi


Kabuga, 8 Julai 1986

Baba,

Asalaam aleikum. Naomba uwe mzima. Siku tisa sikuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikutaka uisome.

Gari la kwanza lilipofika kwenye kona liliona bendera mbili za njia upande wa kulia. Upande wa kushoto liliona zangu themanini, zimeteremka na ukingo mpaka majini. Likafuata zangu. Mengine matano yakafuata vumbi lake. Moja lilipasua tangi la oili juu ya jiwe, pale kwenye kivuko wanawake wanapochota maji. Viota saba vimebaki viwili.

Nilimuuliza dereva mmoja sababu. Alikuwa mpole, amevua kofia yake ngumu. "Mama, bendera iko rangi moja, nguo moja. Sisi tulifuata tu." Nikachomoa moja yao na moja yangu, nikazilinganisha. Mpaka pindo zilikuwa mbili mbili.

Baba, kile kitambaa ulikitoa wapi?

Mwanao,
Mwamini


Rwezamenyo, 12 Julai 1986

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Sisi wazima. Nakujibu ulichouliza.

Unajua kwetu mabaki ya kitambaa ni ya fundi. Babu yako alikuja na desturi hiyo kutoka pwani, na nguo zako zote za Idi zilitoka kwenye mabaki ya watu. Nilipomaliza bendera zao gora lilikuwa bado nene. Nilifurahi, nikasema haya ni ya Mwamini. Nilijua zao ni za kufungua njia na zako ni za kuifunga. Nilizishona kwenye meza moja, wiki moja, na bado akili yangu haikuona. Niliona kitambaa kizuri tu. Nina aibu, mwanangu, na usingizi umenikataa.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya pili, ya burugumesta. Nimeandika kwamba kosa ni la Mutabazi, fundi wa Rwezamenyo. Isome mbele yao wote kwenye kikao cha Agosti.

Baba yako


Kabuga, 30 Agosti 1986

Baba yangu,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, na hasira imekwisha.

Kikao kilikuwa jana. Barua yako sikuisoma, imo sandukuni mwangu. Wewe ulishona, lakini mimi ndiye niliyezipanda, na macho nilikuwa nayo. Nilisema hivyo nikakaa. Bwana Gasana wa matofali akasimama kuomba ukingo wake. Hajamaliza, wakaingia wanawake wa kivukoni na madumu yao, wakamwekea burugumesta mezani anuse oili kwenye maji, wakisema mto usipolindwa watakunywa hivyo kila mwaka. Alinusa mawili akasema yatosha.

Mto umeongezewa mwaka. Mimi sikuongezewa. Msimamizi mpya ni Nzeyimana, kijana mwangalifu, na tayari anaiogopa ile kona kwa sababu magari yatarudi mwakani. Ameniuliza kama namjua fundi mzuri. Nimemtajia wewe.

Anataka themanini, nyeupe. Kitambaa chake, Baba, kakinunue dukani. Mimi nitafika Jumatano na sanduku langu. Mwambie mama mdogo mto umeniacha.

Binti yako,
Mwamini